Wanaotuuzia vifurushi vya seramu ya vitamini C wanatuficha masharti yake

Naandika nikiwa na hasira, wala sina haja ya kuificha. Kuna muuzaji mmoja hapa mjini Mombasa anayewauzia akina dada na akina mama vifurushi vya kujichanganyia nyumbani seramu ya vitamini C, yaani kimiminika cha kupaka usoni: unga, gliserini, kichupa cha kioo kisicho na rangi, na karatasi ya maelezo isemayo, "Koroga na maji, paka asubuhi na jioni, hudumu miezi sita." Miezi sita, katika joto hili la pwani!

Unga huo, ambao ni asidi ya askobiki, ukishayeyushwa majini huanza kuharibiwa na hewa, mwanga na joto, na chembe za chuma au shaba zilizomo majini, hata zikiwa chache mno, huuharakisha uharibifu huo. Kwa hiyo maji ya kisima, ambayo wengi wetu huyategemea mifereji inapokauka, hayafai hata kidogo. Panahitajika maji yaliyotoneshwa, chupa nyeusi iliyojazwa hadi shingoni, na friji. Karatasi yake haikutaja hata kimoja. Wala haikutaja kihifadhi, ilhali kitu chenye maji kisipotiwa kihifadhi huweza kuota ukungu na bakteria.

Kilichonikera zaidi ni ushauri wake. Nilipomlalamikia kwamba seramu inawasha, aliniambia niongeze bekingi soda "ili ilainike". Hivi anakijua anachokiuza? Asidi hii hupenya ngozini vizuri pH yake (kipimo cha ukali wa asidi, ambacho kikishuka ukali huzidi) ikiwa chini ya 3.5; ukiipandisha kwa bekingi soda, haipenyi ipasavyo na huharibika upesi zaidi. Wajuzi wa kazi hii huiongezea vitamini E asilimia 1 na asidi ya feruliki (kiungo kinachopatikana katika mimea) asilimia 0.5, mchanganyiko ambao utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulionyesha kwamba huiimarisha. Naelewa kwamba hiyo ni gharama, na feruliki si kitu cha kukikuta katika kila duka la dawa, lakini chupa nyeusi nayo ni ghali kiasi gani?

Seramu ilipogeuka rangi ikawa kama chai ya mkandaa, nilimpelekea. Akaitikisa mbele ya wateja, akaiinua kwenye mwanga, akasema imeiva. Imeiva nini, na vitamini yenyewe imeshaharibika? Namtaka anirudishie pesa zangu, aiondoe karatasi ile na achapishe nyingine yenye masharti yote, kabla hajamuuzia mtu mwingine kifurushi.