Gumzo la majirani wa Muyeye, Malindi: Chausiku analea ndara

JUMAMOSI

Mama Kadzo (saa 1:12 asubuhi): Hamjambo majirani, na wazee wangu shikamooni. Yeyote aliyepoteza ndara barazani wiki hii naomba apite kwangu aitazame, kwa kuwa nimekuta tatu zisizofanana ndani ya shimo alilochimba mbwa wangu Chausiku chini ya mwarobaini, pamoja na kifumbu changu cha kuchujia tui. Amejikunja akazizunguka, anazisogeza kwa pua moja moja mpaka zimguse tumboni, na nilipoinama kuchukua kifumbu alininguruma, jambo ambalo hajapata kunifanyia tangu siku nilipomleta akiwa anaenea kwenye ungo.

Bi Zuhura (saa 1:20): Marahaba. Hiyo ya bluu ni ya mjukuu wangu, lakini usijisumbue kuirudisha. Ila kifumbu, kwa hisani yako, kisirudi jikoni, maana sisi tunaokula mahamri yako mate ya mbwa kwetu ni najisi nzito, chombo huoshwa mara 7, moja kwa udongo, na sioni kifumbu cha ukindu kitahimili vipi adhabu hiyo.

Mama Kadzo (saa 1:22): Ondoa shaka, Bi Zuhura. Hicho kimekwisha kuwa chake, nami nimenunua kingine jana.

Mzee Katana (saa 1:31): Huyo ana mimba. Tafuteni dume aliyeruka ua.

Mama Kadzo (saa 1:40): Mzee wangu, alikuwa kwenye joto, yaani siku za kutaka dume, Ramadhani ilipoanza, nami nilimfungia uani wiki 3 nzima, hata kutembezwa alitembezwa kwa mnyororo. Sasa ni wiki ya 9. Tumbo limejaa kidogo, chuchu zimevimba, na juzi nilipominya moja ilitoa maziwa. Nilimwonea huruma nikamkanda kwa kitambaa cha maji ya moto na kumkamua zote, lakini leo zimejaa kupita zilivyokuwa.

Kahindi (saa 2:05): Dada, nilikuwa mhudumu wa mifugo miaka mingi, na kosa hilo la kukamua nimeliona kila mahali, tena kwa watu wenye mapenzi na mbwa wao. Maziwa yakitolewa mwili huambiwa kwamba kuna anayenyonya, ukaongeza mengine. Usimkamue tena, usimkande kwa maji ya moto, na ukiona anajilamba chuchu mvalishe fulana kuukuu ya mtoto, miguu ya mbele ipite kwenye mikono.

Kinachomsumbua kina uwezekano mkubwa wa kuwa mimba ya uongo. Mbwa jike akimaliza joto, awe amepandwa au hakupandwa, mwili wake hutoa homoni ya projesteroni kwa muda wa miezi 2 hivi, kana kwamba amebeba watoto. Homoni hiyo inaposhuka, nyingine iitwayo prolaktini hupanda, nayo ndiyo inayoleta maziwa, kuchimba mashimo na kukilea chochote kilicho karibu. Si wazimu wala si tabia mbaya. Mara nyingi hupita yenyewe kwa wiki 2 au 3.

Bi Zuhura (saa 2:11): Maskini. Kwa hiyo anaamini kabisa kwamba ile ndara ya mjukuu wangu ni kilebu chake?

Kahindi (saa 2:14): Anachoamini siwezi kukuapia, Bi Zuhura, lakini mwili wake unamhimiza hivyo. Kwa sababu hiyo msimnyang'anye mbele ya macho yake, kwa kuwa mbwa mpole kabisa anaweza kuuma akitetea watoto, hata wakiwa wa mpira. Mtoeni matembezini, na mwingine aviondoe vitu akiwa hayupo, kisha alifukie shimo.

Mzee Katana (saa 2:30): Sisi zamani tulimnyima maji mpaka maziwa yakauke. Na dawa hasa ni kumpandisha azae mara moja, hatarudia.

Kahindi (saa 2:38): Mzee, kwa heshima zote, kwa jua hili la Malindi kumnyima maji ni kumtesa na kumhatarisha. Na kuzaa hakuzuii, kwani nimeona majike waliokwisha kuzaa wakirudia hali hii baada ya joto lililofuata. Tutabaki na watoto wa mbwa wasio na kwao.

Hata hivyo hali yake isichukuliwe kwa mazoea tu, kwa sababu miezi 2 baada ya joto ndio wakati ambapo usaha hujaa katika mfuko wa uzazi, nao huua. Akinywa maji kupita kiasi, akitapika, akitoa uchafu ukeni au akilegea, msingoje kesho. Vivyo hivyo chuchu ikiwa ngumu, nyekundu na ya moto. Na daktari ampime kwa ultrasaundi, ili Mzee Katana naye aridhike kuhusu yule dume wa uani.

JUMATATU

Mama Kadzo (saa 11:50 jioni): Tumetoka kwa daktari wa mifugo. Ultrasaundi haikuonyesha mtoto hata mmoja, mfuko wa uzazi ni safi, na joto la mwili ni nyuzi 38.6. Amempa dawa ya kushusha prolaktini kwa siku chache, imezwe pamoja na chakula kwa kuwa humtapisha mbwa mwenye tumbo tupu. Nilitaka atolewe kizazi hapohapo tumalize, akakataa, akasema upasuaji ukifanywa wakati maziwa yapo hali hii inaweza kung'ang'ania kwa muda mrefu. Tutarudi yakiwa yamekauka kabisa, kabla ya joto jingine.

Kahindi (saa 12:03): Amekushauri vyema. Mchoshe kwa matembezi.

JUMATANO YA WIKI ILIYOFUATA

Mama Kadzo (saa 1:05 asubuhi): Kila alfajiri tunakwenda ufukweni maji yakiwa yametoka, anakimbiza kaa mpaka ulimi unaning'inia. Chuchu zimenywea. Jana nilipofukia shimo alinitazama tu akiwa amelala kivulini, na kifumbu kilipita mbele yake kikienda jaani bila hata kuinua sikio. Nimebaki na ndara mbili, ya bluu, na ya kahawia iliyofungwa kwa waya.

Mzee Katana (saa 1:19): Hiyo ya waya ni yangu. Nilikuwa naona haya kusema. Mpe Kadzo aniletee, nimechoka kwenda msalani kwa mguu mmoja.