Fokasi ya droni kwenye kazi za ramani: otomatiki, kuifunga, au kuivuta mpaka mwisho?

Mpima_Jambiani
Wakuu habarini. Juzi maji yamekupwa nilirusha droni yangu, Phantom 4 Pro, juu ya mashamba ya mwani, kimo mita 80. Kama theluthi ya picha zimefifia, mistari ya mwani imekuwa uji. Fokasi (ulengaji wa lenzi ili picha itoke kali) ilikuwa otomatiki. Mmoja kaniambia niifunge isibadilike, mwingine niivute mpaka mwisho wa mizani yake, upande wa vitu vya mbali kabisa. Nishike lipi?

Bikoni7
Funga, mkuu. Otomatiki hutafuta kitu chenye ukingo. Juu ya maji ya rangi moja haikipati, inahangaika, lenzi inakwenda mbele na nyuma. Na programu ya kuunganisha picha inahesabu kwamba lenzi haijabadilika tangu picha ya kwanza, kwa hiyo hata zile zilizotoka safi zinakuvurugia vipimo. Mimi napanda hadi kimo cha kazi, nalenga paa la bati, nagusa skrini, ikishika nahamia fokasi ya mkono. Nikibadilisha betri naangalia upya, maana lenzi ikipata joto hucheza kidogo.

Fundi_Mwanza
Hiyo ya kuvuta mpaka mwisho iliniponza. Mwisho wa mizani unapitiliza kidogo pale panapotakiwa. Kwenye simu picha zilipendeza, kufika kwenye kompyuta zote laini kama zimepakwa mafuta. Nilirudia kazi nzima kwa mafuta yangu.

DadaRamani
Jamani, kabla ya kuihukumu fokasi, shata (muda kamera inaofunguka kupokea mwanga) ilikuwa ngapi? Ukienda mita 10 kwa sekunde na shata 1/200, ndege imesogea sentimita 5 kabla picha haijaisha. Kwa kimo hicho pikseli moja (nukta moja ya picha) ya Phantom 4 Pro ni kama sentimita 2.2 ardhini, yaani umepaka pikseli mbili na ushee. Kwa 1/1000 inabaki sentimita 1. Shata yake ni ya kimekanika, inanasa picha nzima kwa pamoja bila kuipinda, hapo huna shida. Kuza picha: ukungu ukivutika kufuata mwelekeo wa ndege, ni mwendo. Kitu kikivimba pande zote, ni fokasi.

Mpima_Jambiani
Shata 1/800, mwendo mita 5. Nimekuza gunia jeupe la mwani, limevimba pande zote. Tundu la lenzi nilibana f/11 nikidhani litasaidia.

DadaRamani
Basi ni fokasi, na f/11 imeongeza ulaini wake. Rudi f/5.6, tundu lifunguke zaidi, na ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) 100. Jua la kule linatosha.

Mpima_Jambiani
Ahsante dada. Sasa Bikoni7, huku ufukweni paa ni makuti matupu. Nikilenga ngalawa?

Bikoni7
Inafaa, ila iliyokaa mchangani. Inayoelea achana nayo.