Kisu cha zamani cha mzamiaji wa jeshi, nitajuaje kama ni orijino?

Wakuu habari zenu, nimeanza kukusanya visu vya wazamiaji wa jeshi, sasa nimepata kimoja kina ala ya shaba, kisu chenyewe unakizungusha kama kifuniko cha chupa ndo kinatoka, kimeandikwa Siebe Gorman, London. Kinang'aa balaa. Ni orijino au nimepigwa?

JIBU 1
Hapo kwenye kung'aa ndo pananipa wasiwasi mkuu. Siebe Gorman ni kampuni ya kweli ya Uingereza, ila nakala za visu vyake zimejaa kila kona. Angalia nyuzi za hiyo ala, yaani ile mistari ya kuzungushia, kitu kilichotumika kweli zinakuwa zimelika, tena maandishi kwenye feki mara nyingi yanakuwa hafifu hafifu. Na kama ni orijino usikisugue jamani! Ule weusi wa miaka ndo thamani yenyewe.

JIBU 2
Mi nakusanya vya Marekani, vya Mark V (vazi la kuzamia la jeshi la majini la Marekani) na vile vya wategua mabomu vya shaba iliyochanganywa na beriliamu, havishiki sumaku maana bomu la majini la sumaku lingeweza kulipuka. Hivyo vya beriliamu usivipige msasa kabisa, vumbi la beriliamu linaharibu mapafu.

MULIZAJI
Duh, nilishakisugua jana 😂 na visu vyenye ala ya ngozi je?

JIBU 1
Usihifadhi kisu humo ndani, ngozi inavuta unyevu, utakuta kutu tu. Kisu kipake oili kidogo, kiweke pembeni.