Je, ikthiosauri walizaa, au walikula watoto wao?

Msomamiamba:
Ndugu zangu, nimesoma kwamba ikthiosauri, wale reptilia wa baharini wa zama za dinosauri waliofanana na pomboo, walizaa badala ya kutaga mayai, kwa kuwa baadhi ya visukuku vyao vimekutwa na mifupa midogo ya jamii yao tumboni. Tunajuaje kwamba si watoto waliomezwa, ilhali hata mamba hula wadogo wa jamii yake?

Kengemaji:
Shaka yako ina msingi, na wataalamu wa karne ya 19 walibishana juu ya jambo hilohilo. Kinachoamua ni hali ya mifupa yenyewe. Kilichomezwa huanza kuliwa na tindikali na kutawanyika, lakini katika visukuku vya Holzmaden, Ujerumani, vyenye umri wa takriban miaka milioni 180, mara nyingi vijusi vimekutwa na mifupa mizima, ikiwa imepangika kama kiunzi kimoja. Wapo hata waliogandishwa na mwamba wakiwa wametokeza nusu nje ya mama, ingawa huenda baadhi walisukumwa na gesi za mzoga uliokuwa ukioza.

Mfukuzi:
Naongeza hoja ya umbo, ambayo kwangu ina uzito zaidi. Nyonga ya ikthiosauri wa baadaye haikushikamana na uti wa mgongo, na miguu ilikwisha kuwa mapezi, hivyo mnyama huyo asingeweza kujikokota ufukweni kutaga kama afanyavyo kasa. Tena kuna kisukuku cha Chaohusaurus, ikthiosauri wa mwanzo kutoka China, kilichoelezwa mwaka 2014, chenye umri wa takriban miaka milioni 248, ambacho mtoto wake anatoka kwa kutanguliza kichwa kama wazaliwavyo wanyama wengi wa nchi kavu. Waliokifanyia utafiti walihitimisha kwamba huenda kuzaa kulianza kwa mababu waliokuwa bado wakiishi nchi kavu, si baharini.

Msomamiamba:
Nashukuru, hilo la nyonga sikulifikiria. Na plesiosauri, wale reptilia wengine wa baharini wenye mapezi manne?

Kengemaji:
Nao pia. Mwaka 2011 kilielezwa kisukuku cha Polycotylus kutoka Kansas, Marekani, chenye kijusi kimoja tu, lakini kikubwa mno kikilinganishwa na mama, jambo linalomfanya akaribiane zaidi na nyangumi kuliko na reptilia wanaozaa wadogo wengi kwa mkupuo.