Vipimo vya homoni viko sawa, mbona wiki moja kila mwezi siwi mimi?

Mahamri_Moto (Kisauni):
Assalamu alaykum. Nina miaka 34, watoto wawili. Kila mwezi, kama siku nane kabla ya hedhi, nageuka mtu mwingine. Nalia kwenye feri ya Likoni bila sababu, mlio wa kijiko kwenye sufuria wanitia hasira, na majuzi nilimfokea wifi yangu mbele ya wageni. Nikiona damu, siku ya pili nimetulia tuli. Nimepimwa estrojeni na projesteroni, naambiwa ziko sawa, nikapumzike. Au nazua?

Subira77:
Pole shoga. Ungekuwa kwetu Majengo ungeshanyweshwa kombe zamani!

Nesi_wa_Zamu:
Huzui, dadangu. Kipimo kinahesabu homoni zilizomo kwenye damu, hakikuambii ubongo unazipokeaje. Ubongoni mna vipokezi vya homoni hizo, yaani vijilango vya kuzipokea, hata kwenye amigdala, panapohusika na hofu na hasira. Tena zinategemeana: kuna sehemu ambazo estrojeni ndiyo huongeza vipokezi vya projesteroni, yaani mmoja humtandikia mwenziwe mkeka. Projesteroni nayo ikivunjwavunjwa hutoa alopregnanoloni, inayoshika vipokezi vya GABA, breki za ubongo. Wengi huwatuliza. Wengine, yai likishatoka, breki hizo haziwashiki vizuri, wakabaki na wasiwasi na hasira.

Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walizima homoni za ovari kwa dawa. Baadhi ya wanawake wenye shida hii wakapata nafuu. Waliporudishiwa estrojeni au projesteroni, kiwango cha kawaida tu, dalili zikarudi. Wasio na shida hii walifanyiwa vivyo hivyo, wasihisi kitu. Ndiyo maana karatasi yako ya maabara ni safi na wewe waumia.

Baba_Zuu:
Kumbe! Nami nilidhani mke wangu hufanya makusudi. Leo namweleza.

Subira77:
Ngoja hedhi ipite kwanza. Ukimwambia "ni homoni zako" siku zenyewe, utalala barazani.

Mahamri_Moto:
😂 Sasa nesi, nifanyeje?

Nesi_wa_Zamu:
Weka daftari miezi miwili. Kila siku, hata ile mizuri, andika hali yako na tarehe ya hedhi. Kisha mpelekee daktari wa wanawake au wa afya ya akili. Zipo dawa za kuongeza serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na hali ya moyo, na kwa shida hii wengine huzinywa zile wiki mbili za kabla ya hedhi tu. Usijinunulie dukani. Na ukianza kuwaza kujidhuru, achana na daftari, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mahamri_Moto:
Daftari naanza leo. Ila nimepekua simu, meseji nilizomwomba wifi radhi: 3 Machi, 30 Machi, 27 Aprili. Subhanallah.