Naomba ushauri: lori linachemsha nikipanda kutoka Mai Mahiu
Wakuu, habari zenu. Lori langu la dizeli, tani 7, halina shida hapa Nairobi, lakini nikipanda na mzigo kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru, mshale wa joto unagusa nyekundu na maji yanamwagika kupitia chupa ya akiba. Nimebadilisha thamostati (vali inayoruhusu maji ya injini kupita yakipata joto) na kusafisha rejeta (kipoza maji). Kinachonitisha: asubuhi, injini imelala usiku kucha, paipu ya juu ya rejeta bado ni ngumu kama kiazi kibichi, na nikilegeza kifuniko cha rejeta inapumua pssss. Oili ni safi. Fundi wa Grogan, mtaa wa magereji hapa Nairobi, anataka niweke kifuniko cha presha kubwa zaidi. Naona huko ni kuficha ugonjwa. Je, hii ni gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini) imeungua? Nitahakikishaje kabla ya kufungua injini?