Kufundisha vibarua kupuliza dawa za viazi, Umalila

Swali: Habari zenu wadau. Vibarua 6 wanaanza kupuliza mankozebu (dawa ya unga) dhidi ya ukungu wa viazi wiki ijayo. Hawajawahi kushika bomba la kupulizia. Nianzie wapi kuwafundisha?

Jibu 1: Anza na maji matupu, mkuu. Wajaze bomba la lita 16, walivae mgongoni, watembee matutani. Linalovuja kwenye kifuniko au koki litajulikana hapo, kabla mgongo wa mtu haujalowa sumu. Kisha uchanganyaji, maana hapo ndipo dawa ni kali zaidi: glavu za nitraili, aina ya mpira (za kitambaa zinanyonya), miwani, barakoa ya vumbi. Koroga unga na maji kidogo kwenye ndoo hadi uwe kama uji. Bomba likiwa nusu maji, mimina kupitia chujio, ndipo ujaze. Unga mkavu ukiumwaga moja kwa moja unaganda na kuziba nozeli, yaani tundu la kutolea dawa.

Jibu 2: Na nozeli ikiziba, marufuku kuipuliza kwa mdomo! Mswaki wa zamani na maji vinatosha. Suruali iwe nje ya gambuti, la sivyo dawa inachuruzika hadi kwenye soksi.

Jibu 3: Wasiojua kusoma waonyeshe ukanda wa rangi chini ya lebo: nyekundu ni sumu kali kuliko zote, kisha njano, bluu, kijani. Kijani si ruhusa ya kuvua glavu. Chupa za dawa za maji zikiisha, suuza mara 3, maji hayo yarudi kwenye bomba, kisha zitoboe. Nakuomba sana, zisifike nyumbani kuwekewa mafuta ya kula.